Nusu Yangu ya Mbegu

Mimi ni mtu wa Ujiji, na nalisema mapema ili mnihurumie mapema. Kwetu mboga ilikuja mlangoni kichwani kwa mwanamke wa shamba, imefungwa mafungu kwa kamba ya mgomba. Unainunua, unaiosha, unaipika, basi. Jembe nililishika kwa mara ya kwanza nilipoolewa Simbo. Wiki ile ya kwanza viganja vyangu vilitoka malengelenge, na wanawake wa jirani wakawa wanapita uani mmoja mmoja, eti wanaazima chumvi, kumbe wanakuja kumtazama bibi harusi anayeshika jembe kama anashika mwiko. Mama mkwe hakunicheka. Hakunitetea pia.

Kiha chenyewe nilikuwa nakipata nusu nusu. Neno hili linaingia, hili linanipita. Mume wangu alikuwa mwashi, wiki nzima yuko mjini kwenye majengo ya watu, anarudi Ijumaa. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mmoja akiongea Kiha na kuku wake, mwingine akiongea Kiswahili na sufuria zake. Kiswahili mama mkwe alikijua vizuri tu, lakini alikitoa kwa kipimo, kama mtu anayetoa sukari.

Nikatafuta cha kunipa heshima pale nyumbani, nikakipata kwenye mbegu.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mwenye mbegu pale kwetu mlimani. Mvua ya kwanza ikishuka, majirani walikuja, huyu na kisahani, yule na kipande cha gazeti, mwingine na kiganja kitupu. Mama, nigawie mchicha. Mama, nyanya chungu zangu zimeliwa na panya. Naye aligawa. Hakumnyima mtu, hata yule mwanamke wa ng'ambo ya kijito aliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi. Waligombana mwaka mzima, lakini siku ya mvua yule mwanamke alikuja na kisahani chake, akapewa, wakaendelea kugombana. Siku hiyo moja ua wetu ulijaa watu kuliko ua wa mwenyekiti wa kijiji, na kila mmoja aliondoka amemwinamia mama mkwe wangu. Wallahi, nilikitamani kile kigoda alichokalia.

Lakini mbegu zenyewe zilikaa ovyo! Nyingine kwenye fundo la kitambaa darini, nyingine kwenye kigae cha chungu, nyingine kwenye soksi ya marehemu baba mkwe. Yeye mwenyewe alijua kila kitu kilipo. Mtu mwingine angehitaji mganga. Nilipoona vile nikasema moyoni, hapa ndipo penye kazi yangu. Darasa la saba nilimaliza, na mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa shule nzima. Nikachana daftari, nikakunja bahasha ndogo ndogo, nikazigandisha kwa uji wa muhogo. Zile paketi za dukani Kigoma mjini, zenye picha ya nyanya nyekundu tupu, nilizifungua taratibu kwa chini ili picha isichanike, mbegu zikiisha nikazitumia tena. Juu ya kila bahasha niliandika ni mbegu gani, imevunwa mwezi gani, shamba la juu au la bondeni. Nikazipanga kwa kufuata mvua, za kupandwa kwanza zikae mbele, za mwisho nyuma. Na sanduku langu la bati, nililopewa na mama yangu siku ya harusi, nikatoa khanga zote nikazitia kwenye gunia, sanduku likawa la mbegu. Sasa niambieni, mwanamke anayetoa khanga sandukuni ili aweke mbegu za mchicha, anatafuta nini kama si kupendwa?

Na nilipendwa, kidogo. Mama mkwe alikuja akainama, akapapasa bahasha zangu moja moja, akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, "Umezipanga kama dawa za hospitali." Sifa hiyo moja niliishi nayo msimu mzima.

Alipapasa kwa sababu macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Ilikuwa dhahiri kwamba baada ya miaka miwili mitatu hataweza tena kutofautisha mbegu ya nyanya na ya bilinganya. Mbegu zingehitaji mtu mwingine wa kuzishika, na mimi nilikwisha kujua ni nani. Nani mwingine? Mtoto wa kike hakuwa naye. Sanduku lilikuwa langu, mwandiko wangu.

Kisha akaja yeye.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, watu wa Burundi wakishuka kwa makundi, vikapu na magodoro vichwani. Kambi zilikuwa zimeshafunguliwa upande wa Kasulu, lakini wengi walibaki vijijini, wakilima vibarua na kulala kwenye mabanda ya watu. Wa kwetu alikuja asubuhi moja, mrefu, mwembamba, amenizidi umri kidogo tu. Alikuwa na blanketi moja, na fundo la kitambaa alilolifunga tumboni ndani ya nguo. Nilidhani ni fedha. Mama mkwe alipomuuliza amebeba nini, akalifungua pale pale chini. Mbegu. Watoto alisema anao wawili. Hakusema waliko, nasi hatukuuliza.

Mama mkwe akachota zile mbegu, akazisugua kwa vidole. "Imbuto," akasema. "Imbuto," yule akaitikia. Imekwisha hiyo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, wenyewe wanaelewana hata kwa kukohoa. Wakaanza kuongea, wakaketi, wakaendelea kuongea, na mimi nimesimama na beseni mkononi mpaka uji ukaungua jikoni. Miaka mitatu nilikuwa natafuta neno la kumchekesha mama mkwe. Huyu alimchekesha kabla hajapewa maji ya kunywa.

Akaanza kumwita "mawe", yaani mama kwa lugha ya kwao. Kwetu Ujiji mawe ni yale ya kumrushia mbwa, na mimi niliyasikia hivyo hivyo kila alipotamka.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya pili alilichukua mwenyewe, na alilolichukua ni langu, lile jepesi. Kufika adhuhuri alikuwa amepindua kipande cha bondeni ambacho mimi nilikuwa nakizungukazunguka tangu mwezi uliopita. Akapanda mbegu zake, na hasa isogi, ile mboga chungu ambayo wengine wanaiita mgagani. Ilipochipua mama mkwe alitafuna jani bichi, akafumba macho, akasema ladha hii aliiacha kwa mama yake mzazi. Mimi isogi sikuijua. Nilipoionja niliitema nyuma ya nyumba.

Nilimwonea wivu. Sina neno la kulilainisha. Nilimwonea wivu mwanamke asiye na nyumba, asiye na mume, asiye na hata sahani ya kwake, na wivu wangu haukuona haya. Ukoko wa ugali, ambao mama mkwe alikuwa ananiachia mimi kwa sababu alijua naupenda, sasa ukawa unavunjwa vipande viwili, na kipande kikubwa kinakwenda kwa mgeni. Jioni walikaa barazani wakichambua maharage na kucheka, nami nikikaribia wanahamia kwenye Kiswahili, kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyoniua. Mtu akibadilisha lugha kwa ajili yako nyumbani kwako mwenyewe, ujue wewe ndiye mgeni.

Mume wangu nilimweleza Ijumaa moja. "Huyu atakaa mpaka lini?"

"Si amekusaidia kulima?" akajibu. "Tena mama amenenepa, hujaona?"

Nimeona! Ndiyo shida yenyewe.

Kiangazi kilipoingia, mbegu zikavunwa, za kwetu na za kwake pamoja, maana mama mkwe alikuwa ameshazichanganya kama za nyumba moja. Siku ya kuziweka nilifungua sanduku langu kwa mbwembwe, nikaanza kutoa bahasha za mwaka uliopita ili nipishe mpya. Mama mkwe akashika bahasha ya kunde. Ikavuja unga. Fukusi walikuwa wameitoboa kunde moja moja wakaacha maganda. Akashika ya pili, unga. Alikung'uta vidole vyake, na mimi nikasikia shingo imepata moto. Yule mgeni akasema kitu kwa Kirundi, polepole, akionyesha jikoni. Mama mkwe akatikisa kichwa akiafiki.

Halafu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili nisije nikasingizia sikuelewa. "Nusu kwako, nusu kwake. Kila mmoja ahifadhi kwa akili yake. Mvua ikinyesha tutapanda tuta kwa tuta. Ambaye zake zitaota, huyo ndiye atakayeshika mbegu za nyumba hii mimi nikishindwa kuona."

"Sawa, mama," nikasema.

Sawa gani! Mke wa mwanawe, niliyeletwa kwa ngoma na mahari, nashindanishwa na mtu aliyekuja na blanketi. Tukagawana pale pale, mchicha, nyanya, nyanya chungu, bamia, na ile isogi ya kwao. Nayo mgeni mwenyewe aliigawa nusu kwa nusu bila kukunja uso, kiganja kwangu, kiganja kwake, kama mtu anayegawa karanga.

Basi nikamchungulia. Jiko letu lilikuwa na ukuta wa fito, udongo umebanduka upande mmoja. Nilisimama nje nikijifanya natafuta yai la kuku. Alikuwa anachekecha jivu kwenye ungo, analichanganya na mbegu, anashindilia kwenye vibuyu vitano. Mdomo wa kibuyu akauziba kwa gunzi, juu ya gunzi akapaka udongo wa kichuguu, akavitundika juu ya moto. Hakujificha. Mlango ulikuwa wazi. Ningeingia na kumuuliza angeniambia kila kitu, tena angenishika mkono anionyeshe, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Nikabaki kwenye tundu langu.

Kumbe siri ni jivu. Haya, jivu hata mimi ninalo!

Lakini mtu wa Ujiji atie jivu la jikoni kwenye bahasha zenye mwandiko mzuri? Jivu lenye vipande vya mkaa na maganda ya muhogo? Hapana. Pale kijijini palikuwa na wanawake wa kukamua mawese, nao huichoma mikungu mitupu ya michikichi, na jivu lake hulitunza kwa kazi ya sabuni. Jivu lile ni jeupe, laini kama poda ya mtoto. Mama yangu Ujiji alikuwa akilipikia sabuni tangu sijaota meno. Nikasema, yeye ana jivu la kuni, mimi nitatia jivu la kifalme. Nikaenda kuomba bakuli zima, nikapewa. Nikatia kijiko kijiko kila bahasha, nikagandisha, nikaandika, nikapanga, nikafunga sanduku. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulivyo. Jivu la michikichi halikai wazi. Linavuta maji hewani lenyewe, linatota, linakuwa tope na mvua hakuna. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya sabuni anajua hivyo, ndiyo maana mama yangu alikuwa analifungia kwenye mtungi na kutufokea tukiacha mfuniko. Nilijua. Nimelijua jivu hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini wakati ule nilikuwa sifikirii jivu, nilikuwa namfikiria yeye.

Mwezi wa tisa, mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika juu ya ziwa, nilifungua sanduku kwa furaha niandae siku yangu. Harufu ikanipokea kabla ya macho. Bahasha zilikuwa zimetota na kugandana, wino umevujia, mwandiko wangu wote umekuwa michirizi ya buluu. Ndani, mbegu zimekuwa donge la kijivu lenye utelezi, nyingine zimeota ukungu. Nikachambua moja, nikaibonyeza kwa ukucha, ikapasuka kama ugali. Nikachukua kumi nikazifunika kwenye kitambaa chenye maji, nikangoja siku nne. Haikuchipua hata moja.

Nilikaa chini kando ya lile sanduku nikalia kwa hasira. Si kwa ajili ya mbegu, sidanganyi. Niliona ua umejaa watu na visahani vyao, na yule mrefu ameketi kwenye kigoda anagawa, na mimi nachota maji.

Siku ya tano kulikuwa na msiba kwa mtu wa ng'ambo ya kijito. Mama mkwe alishikwa mkono na mgeni wake wakaenda, mimi nikasema kichwa kinaniuma. Walipopotea kwenye kona nilichukua kigoda, nikavishusha vile vibuyu vitano. Udongo nikaubandua kwa kisu. Nikamwaga kwenye ungo. Mbegu zake! Kavu, zinalia kama shanga, zinang'aa kila moja peke yake. Hata hapo niliona wivu kwa jinsi alivyozikausha.

Sikuchukua sehemu. Ningechukua sehemu, za kwake zingeota pia, na tungebaki sawasawa. Nilichukua zote. Nikazipepeta jivu likatoka, nikazitia kwenye bahasha mpya, nikaandika upya kwa mwandiko ule ule, nikaweka sandukuni. Za kwangu, zile maiti, nilikuwa nimeshazianika juani zikakauka, nikazisugua zikaachana, nikazichanganya na jivu lake lile lile, nikarudisha kwenye vibuyu, mchicha kwa mchicha, isogi kwa isogi. Gunzi. Udongo wa kichuguu, niliukanda kwa mate. Waliporudi msibani vibuyu vilikuwa vinaning'inia juu ya moto, nami nimejifunga kitambaa kichwani. Yule mgeni akanichemshia majani ya mpera kwa ajili ya kichwa. Nikayanywa.

Nilijiambia ni mpaka mvua tu. Zitapandwa, zake zitakataa kuota, zangu zitaota, mama mkwe ataniona, halafu za kula na za kupanda mwaka ujao nitampa yule mwanamke kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ukarimu. Nilijiona hata ninavyompa. Mtu mwenye wivu hana haya, hata wema wake anaupangia jukwaa.

Mvua haikungojwa. Kabla ya wiki mbili kwisha mjumbe alipita nyumba kwa nyumba na tangazo: wakimbizi wote wanaoishi vijijini wajikusanye barabarani Kidahwe, malori yatawachukua kuwapeleka kambini. Siku tatu. Atakayemficha mkimbizi atajibu mwenyewe.

Mama mkwe alikataa kula. Mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia kifuani ni mzigo kushuka. Anaondoka! Niliosha vyombo siku ile naimba. Ilikuwa jioni ya siku ya pili, nilipomwona mama mkwe anavishusha vile vibuyu kutoka juu ya moto, anavipangusa moshi kwa upande wa kitenge chake, ndipo nilipoelewa ni kitu gani nimefanya.

Yule mwanamke alikuwa hataki kuvichukua. Wakabishana. Alitaka kimoja kibaki kwa mawe. Mama mkwe akamjibu kwa Kiha, na kwa mara ya kwanza kila neno liliniingia bila kunipita. Alisema, "Hapa nina sanduku zima. Kule hujui jirani, nani atakugawia mbegu? Vibebe vyote. Ukifika tu, upande."

Ningesema hapo. Tulikuwa watatu tu, mlango umefungwa. Nilikohoa, wakanigeukia wote wawili, nikasema maji ya kuoga yako tayari.

Asubuhi nilijitolea kumsindikiza. Mama mkwe hakuweza mwendo ule, akamshika uso kwa mikono yote miwili pale mlangoni, akaupapasa kama alivyokuwa anapapasa mbegu, akaingia ndani. Tukashika njia ya Kidahwe. Yeye blanketi na jembe, mimi vibuyu kwenye kikapu kichwani. Kila hatua vilikuwa vinachakacha sikioni mwangu. Ndani ya khanga, kifuani, nilikuwa nimeficha bahasha tano, zile zenye mbegu zake hasa. Nilikuwa nimekwisha kupanga. Nitampa kama zawadi. Nitasema dada, chukua na hizi. Hahitaji kujua kitu, atapanda, zitaota, nami nitakuwa nimelipa. Hapo mnaona, hata katika kutubu nilitaka nibaki na sura nzuri.

Barabarani pale Kidahwe watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao pande zote mbili, wengine wamefunga hata milango ya nyumba zao kwa kamba kuibeba. Mgambo wanapanga mistari. Lori la kwanza lilikuwa limeshajaa. Nikakitua kikapu miguuni pake, nikaingiza mkono kifuani, nikatoa zile bahasha.

"Dada," nikamwambia, "chukua na hizi."

Akazitazama. Kusoma hakujua, lakini bahasha zangu alizijua, nani asiyezijua. Akacheka, kicheko kile kile cha barazani, akanifumba vidole juu ya bahasha.

"Mimi ninazo," akasema, akigonga kibuyu kwa kidole. "Hizo ni zako za kushindania. Nikikuchukulia, mawe atapanda nini?" Kisha akaninong'oneza, kwa Kiswahili alichojifunza nyumbani kwetu, Kiswahili changu, "Mimi naondoka, dada. Umeshashinda. Usinikasirikie tena."

Alikuwa anajua. Siku zote, kwenye ukoko na jembe na ule ukuta wa fito, alikuwa anajua nina wivu. Lililobaki alikuwa halijui. Sentensi moja tu ingetosha: mbegu zilizomo humo zimekufa. Maneno manne. Mgambo akapiga kelele, mstari ukasogea, akapakata kile kikapu kama anavyopakatwa mtoto, akapandishwa. Nilibaki nimesimama na bahasha mkononi mpaka vumbi likatua.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule. Nilipanda matuta yote peke yangu, na kila mbegu iliota. Kila moja. Majirani walikuja na visahani vyao na viganja vyao, na mama mkwe akasema mbele yao wote, kwa Kiswahili, kwamba kuanzia leo mbegu waniombe mimi, mkwe wake. Nikakalia kile kigoda. Nikagawa mpaka mkono ukachoka, mwanamke wa ng'ambo ya kijito akaniinamia, nami nikamwinamisha vizuri.

Walipokwisha kuondoka mama mkwe aliniomba nimpeleke kwenye matuta. Akachuchumaa kwenye isogi, akapitisha viganja juu ya majani polepole, kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho. Alitabasamu.

"Zimeota," akasema. "Lakini za mwenzako huko zitakuwa zimekupita. Yule alikuwa na mkono, mwanangu, usione vibaya."

Na niliona vibaya. Wallahi, hata hapo, kwa nukta moja, niliona wivu.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Zitakuwa zimenipita."